Umepandikizwa nywele? Siku 10 za kwanza ndizo zenye kazi

Juni 2011, Wayne Rooney, wakati huo mshambuliaji wa Manchester United mwenye miaka 25, aliandika Twitter kwamba amepandikiza nywele, kisha akaweka picha ya kichwa chake kikiwa bado na alama za damu. Picha ile ilionyesha kitu ambacho matangazo mengi ya kliniki hayakionyeshi: kabla ya nywele kuna kidonda.

Na si kidonda kimoja. Mtu aliyepandikizwa mizizi 2,500 ana vitundu 2,500 mbele au utosini, na kama mizizi ilitolewa mmoja mmoja, ana vingine kiasi hichohicho kisogoni. Vyote vinatakiwa vipone bila kuchafuka, bila kukwaruzwa na bila kubanwa.

Kinachofanya jambo hili liwe zito ni kwamba nywele za kisogoni ni akiba isiyoongezeka. Daktari anazihamisha tu, hatengenezi mpya. Mzizi ukifa au ukang'oka kwa kucha siku ya tatu, haurudi ulikotoka na haumei ulikopelekwa. Pesa inaweza kutafutwa tena, mzizi hautafutwi.

Wapo wanaosafiri kutoka Afrika Mashariki kwenda Istanbul, Uturuki, mji uliojipatia jina kubwa kwa upasuaji huu. Mara nyingi mgeni anakaa siku chache tu, anaoshwa kichwa mara ya kwanza kliniki, anapewa mfuko wa dawa, anapanda ndege. Yaani sehemu kubwa ya uangalizi inafanyika nyumbani, Dar au Nairobi, daktari akiwa umbali wa saa kadhaa za ndege.

Usiku wa kwanza hadi wa tano

Lala chali, kichwa kikiwa juu, mgongo umeinuka kama mtu aliyeegemea kiti cha basi. Mito miwili au mitatu inatosha. Ule mto wa shingo wa safari unasaidia sana kwa sababu unazuia kichwa kugeuka na kusugua kitanda. Sehemu iliyopandwa isiguse kitu chochote.

Siku ya tatu au ya nne wengi wanashtuka: paji la uso limevimba, wengine hadi macho yanakaribia kufumba. Ni maji na dawa ya ganzi vilivyochomwa kichwani vinashuka. Kwa kawaida uvimbe huo unaisha ndani ya wiki moja. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa inaruhusiwa kwenye paji la uso, kwa dakika chache chache. Juu ya mizizi, hapana kabisa.

Kwa maumivu, parasetamo huwa inatosha. Usijinunulie asipirini au dawa nyingine za maumivu dukani bila kumuuliza daktari, kwani baadhi yake zinarahisisha kutoka damu. Ila anayetumia asipirini kwa ajili ya moyo asiiache kwa uamuzi wake mwenyewe. Hilo lilipaswa kuzungumzwa na daktari kabla ya upasuaji.

Kliniki nyingi hutoa chupa ya kupuliza yenye salaini, yaani maji ya chumvi ya dawa, ili ngozi isikauke. Ikiisha, nunua famasi. Chumvi ya jikoni iliyokorogwa kwa kukisia haifai.

Kuosha ni kazi ya mikono, si ya bomba

Kuosha kwa kwanza hufanyika kati ya siku ya pili na ya tatu, kutegemea maelekezo ya aliyekupasua. Kama maelekezo yake yanatofautiana na ya rafiki yako aliyefanyiwa kwingine, fuata ya daktari wako.

Utaratibu wenyewe unachosha kwa upole wake. Unapaka losheni au povu la shampuu laini kwa kugusagusa, bila kusugua, unaacha vigaga vilainike, kisha unamimina maji ya uvuguvugu kwa kikombe. Bomba la mvua lenye nguvu lisubiri. Taulo linatumika shingoni na kisogoni tu, tena kwa kubonyeza. Juu, acha pakauke penyewe. Drayer ya moto iweke kabatini.

Maji nayo yaangaliwe. Kama nyumbani mnatumia ya kisima, ya boza au tangi lisilosafishwa muda mrefu, yachemshe yapoe kwanza. Vitundu vile bado viko wazi.

Katika siku mbili za kwanza hata kuvuta unywele kidogo kunaweza kutoa mzizi. Siku zinavyokwenda ngozi inaushika, na kufikia siku ya tisa au ya kumi unakuwa umekaa imara. Ndiyo maana vigaga havibanduliwi wiki ya kwanza, hata viwashe vipi. Baada ya hapo, mara nyingi kati ya siku ya 10 na ya 14, unaruhusiwa kuvilainisha na kuvizungusha kwa ncha za vidole, si kucha, hadi vyote vidondoke. Kuviacha mwezi mzima kwa woga nako si kuzuri, vinashikilia uchafu.

Muwasho ndio mtihani mkubwa. Mwambie daktari akupe dawa ya kuutuliza, na ukate kucha zako kabla hujalala. Mafuta ya nazi, habasoda, maji ya kitunguu na mshubiri vina mashabiki wengi, lakini kidonda kibichi si mahali pa kuvijaribia.

Helmeti, mlango wa daladala na kofia

Maelekezo ya Istanbul hayajui bodaboda. Helmeti inabana na kusugua palepale palipopandwa, na kupanda pikipiki bila helmeti ni hatari zaidi ya kupoteza nywele. Kwa hiyo kwa wiki mbili tatu za kwanza tafuta usafiri mwingine. Ukiingia kwenye daladala, matatu au gari dogo, inama taratibu: kugonga kichwa mlangoni ni ajali ya kawaida sana kwa watu waliotoka kwenye upasuaji huu.

Vaa shati la vifungo, si fulana ya kupitishia kichwani. Kofia iwe pana na laini, na ivaliwe baada ya daktari kuruhusu. Barakashia inayobana isubiri. Mwanamke anayejitanda ushungi atumie kitambaa chepesi kisichofungwa kwa kukaza.

Kuinama muda mrefu kunaongeza uvimbe, na kusujudu kunaweka paji la uso sakafuni. Muislamu mgonjwa anaruhusiwa kuswali ameketi, na kuhusu kupaka maji kichwani wakati wa kutawadha, anaweza kumuuliza sheikh wake kabla ya safari.

Jua letu nalo halina huruma. Ngozi mpya ikiungua inaweza kubaki na madoa, kwa hiyo kivuli ni dawa kwa miezi ya mwanzo. Gym na mpira viache kwa angalau wiki mbili, bahari na bwawa kwa karibu mwezi. Sigara inabana mishipa midogo ya damu, ambayo ndiyo inayolisha mizizi. Hapa hakuna njia ya mkato.

Kwa kinyozi, mkasi hutangulia mashine, na wembe huja mwisho. Daktari ndiye anayetoa ruhusa kwa kila hatua. Piko na dawa za kulainisha nywele pia zisubiri.

Nywele zinadondoka, na ni kawaida

Kati ya wiki ya pili na ya nane, nywele zilizopandwa hudondoka, nyingi kama si zote. Kichwa kinarudi kama kilivyokuwa, na hapo ndipo watu wanaanza kuhisi wametapeliwa. Kilichodondoka ni unywele, mzizi umebaki chini umepumzika. Nywele mpya huanza kuchomoza mwezi wa tatu au wa nne, zikiwa nyembamba. Tofauti inaonekana vizuri karibu na mwezi wa sita, na hesabu ya mwisho hufungwa mwezi wa 12, au wa 18 kwa utosini.

Wakati zinatoboa ngozi, vipele vichache ni vya kawaida. Usivikamue.

Nywele za kipilipili na makovu

Kwa watu wengi wenye asili ya Afrika, unywele umejikunja hadi chini ya ngozi. Kuutoa bila kuukata kunahitaji mkono uliozoea aina hiyo. Faida yake ni kwamba nywele zilizojikunja hufunika eneo kubwa zaidi kuliko zilizonyooka.

Pia ngozi nyeusi ina uwezekano mkubwa zaidi wa kuota keloidi, lile kovu linalovimba na kukua kupita kidonda chenyewe. Mwenye keloidi sikioni, kifuani au kwenye ukoo aseme mapema. Baada ya upasuaji, kovu la kisogoni likianza kuinuka na kuwasha miezi kadhaa baadaye, liwahishwe, kwa kuwa keloidi changa ni rahisi kutibu kuliko iliyokomaa.

Mwanamke aliyepoteza nywele za pembeni kwa kusuka kwa kubana ana sharti moja la ziada: mtindo uleule usirudi. Rasta nzito, kushona wivingi na gundi ya wigi juu ya nywele zilizopandwa vinaweza kuzing'oa upya.

Usisubiri ukiona haya

Doa jeusi au la zambarau linalopanuka pale palipopandwa ni dharura, maana ngozi inaweza kuwa inakosa damu. Vivyo hivyo usaha, harufu, homa, maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua, wekundu unaosambaa (kwenye ngozi nyeusi unaweza kuonekana kama weusi wenye joto), au damu isiyokoma baada ya kubonyeza kwa kitambaa safi dakika 15.

Picha ya WhatsApp kwa kliniki iliyo nje ni nzuri kutumwa, lakini haimgusi mgonjwa. Nenda hospitali iliyo karibu siku hiyohiyo, na uombe kuonwa na daktari wa ngozi. Beba karatasi za upasuaji zenye tarehe, njia iliyotumika, idadi ya mizizi na majina ya dawa ulizopewa. Kama ziko kwa Kituruki, omba kliniki ikuandikie za Kiingereza kabla hujapanda ndege.