Darasa ni lako, je, daftari la majina ni la nani?

Binamu yangu wa Mtongwe alikuwa anauza kozi ya kuhariri video kwenye jukwaa fulani la mtandaoni. Asubuhi moja akaamka, akaunti imefungwa. Hakuwa na namba ya hata mwanafunzi mmoja. Nikamwambia, binamu, maalim wa zamani hangefikwa na hili.

Jamaa zangu wa Likoni, Kisauni na Changamwe, turudi nyuma kidogo. Kufundisha ukiwa bosi wako mwenyewe hakukuja na intaneti. Hapa Pwani maalim alifundisha barazani kwake kabla babu zetu hawajazaliwa. Ada alipewa mkononi, na kila mtoto alimjua kwa jina, na mpaka kwao akapajua.

Sasa shika tarehe. Machi 2007 M-Pesa ikaanza, pesa ikavuka feri bila mwenyewe kuvuka. 2009 nyaya mbili za baharini, TEAMS kutoka Fujairah na SEACOM, zikafika Mombasa. Kabla ya hapo tulitegemea setilaiti, ghali na ya kujikokota. 2010 Eren Bali, aliyesomea shule ya darasa moja kijijini Uturuki na kujifunza hesabu mtandaoni, akaanzisha Udemy na wenzake Marekani. Thinkific ya Kanada ikafuata 2012, kisha Teachable. 2018 PayPal ikaunganishwa na M-Pesa. Basi unarekodi Kisauni, mtu ananunua Muscat, pesa inaingia kwa simu. Raha, sivyo?

Ngoja kwanza. Udemy, mwanafunzi akija kwa linki yako unapata 97%. Akikuona tu kwenye soko lao, unapata 37%. Yaani kozi ya shilingi 1,000, wewe 370. Na barua pepe yake hupewi. Thinkific na Teachable ni kama kukodi duka: unalipa kila mwezi, orodha ya wanafunzi unabaki nayo, lakini kutafuta wateja ni shauri yako. Serikali nayo haikulala. 2023 ilitaka 15% ya mapato ya maudhui ya mtandaoni. Baada ya kelele ikapita 5%.

Sisemi tukimbie majukwaa. Sokoni ndiko kwenye watu, na maalim wa barazani hangeweza kufika Muscat. Ninachosema ni kwamba ualimu ni ule ule, kilichohama ni daftari la majina. Zamani lilikuwa kichwani mwa maalim. Leo liko kwa mwenye jukwaa.

Kwa hivyo kozi yako ya kwanza uza kwa watu kumi wa mtaani, wakulipe kwa M-Pesa, andika majina na namba zao. Ndipo uipeleke sokoni. Binamu yangu ameanza upya hivyo, na ana daftari la karatasi kabisa.

Wewe lako liko wapi?