Viini Viwili, Mtambo Mmoja

Mwanafunzi wa jiografia akitakiwa kulinganisha viini viwili vya dunia, jibu huja haraka: cha ndani ni kigumu, cha nje ni kimiminika. Jibu hilo ni sahihi, ila linakomea pale ambapo swali linaanza kunoga. Makala haya yanashikilia kwamba viini hivyo havieleweki vikichukuliwa kuwa vitu viwili, kimoja kimewekwa ndani ya kingine. Ni metali ile ile katika hali mbili, na kazi kubwa hufanyika kwenye mpaka wao.

Tuanze na vipimo. Kiini cha nje kinaanzia kina cha kilometa 2,890 hivi, chini ya koti la dunia, na kushuka hadi kilometa 5,150. Kutoka hapo hadi kitovuni, umbali wa kilometa 1,220 hivi, ni kiini cha ndani. Hiki ni kidogo kuliko Mwezi, na hakifikii asilimia 1 ya ujazo wa dunia.

Hakuna aliyewahi kuvifikia. Shimo la Kola nchini Urusi, lenye kina kikubwa kuliko mengine yote, liliishia kilometa 12 tu na ushei. Tunachokijua kimetoka hasa kwenye mawimbi ya matetemeko ya ardhi. Mwaka 1906 Richard Dixon Oldham alionyesha kwamba mawimbi hayo hupunguza mwendo yanapopita katikati ya dunia. Mwaka 1926 Harold Jeffreys akatoa hoja kwamba kiini ni kimiminika. Kisha Inge Lehmann, mwanasayansi wa Denmark, alichunguza rekodi za tetemeko lililopiga New Zealand Juni 1929, akakuta mawimbi hafifu mahali ambapo yasingetarajiwa kama kiini kingekuwa kitu kimoja kisicho na mpaka ndani yake. Maelezo yake ya mwaka 1936 yalikuwa wazi: ndani ya kiini mna kiini kingine, ambamo mawimbi huenda kasi zaidi.

Hapo linazuka fumbo. Sehemu yenye joto kali zaidi ndiyo iliyo ngumu. Kwenye mpaka wa viini viwili joto linakadiriwa kuwa kati ya nyuzi 5,000 na 6,000 za Selsiasi, karibu sawa na uso wa Jua, na bado chuma kinaganda. Sababu ni kanieneo. Juu ya kiini cha nje ni mara milioni 1.3 hivi ya kanieneo ya hewa tunayoivuta. Mpakani hufika mara milioni 3.3. Kadiri kanieneo inavyoongezeka, kiwango cha kuyeyuka cha chuma hupanda haraka kuliko joto lenyewe, hadi metali inashindwa kubaki kimiminika.

Viini vyote viwili ni chuma kilichochanganyika na nikeli kiasi. Hata hivyo, cha nje ni chepesi kuliko chuma tupu kingekuwa katika hali hiyo, na mwaka 1952 Francis Birch alieleza kwamba lazima kimechanganyika na elementi nyepesi zaidi. Oksijeni, silikoni na salfa ndizo zinazotajwa mara nyingi.

Elementi hizo ndizo ufunguo wa hoja yetu. Dunia inapopoa taratibu, chuma huganda juu ya kiini cha ndani, nacho hukua kwa kadiri ya milimita 1 au pungufu kwa mwaka. Chuma kinapoganda huziacha nje elementi nyepesi, nazo hupanda ndani ya kiini cha nje. Joto linalotolewa wakati wa kuganda huusukuma zaidi mwendo huo. Metali inayotiririka hivyo, katika dunia inayozunguka, huzalisha uga wa sumaku unaoelekeza dira na kupunguza makali ya upepo wa Jua. Kiini cha nje ndicho kinachotiririka, lakini sehemu kubwa ya nguvu yake hutokana na kukua kwa cha ndani.

Lipo pingamizi zito. Miamba ya Barberton, Afrika Kusini, yenye umri wa takriban miaka bilioni 3.4, ina alama za sumaku, ilhali makadirio mengi huweka umri wa kiini cha ndani kwenye miaka bilioni 1 hivi, wengine zaidi, wengine pungufu. Basi kiini cha nje kiliwahi kuzalisha uga peke yake, kikitegemea kupoa tu. Pingamizi hilo halivunji hoja. Linaiwekea mipaka ya wakati. Kuganda kwa kiini cha ndani hakukuanzisha mtambo, bali kuliupa chanzo kipya cha nguvu.

Tena kiini cha ndani kinaonekana kuutuliza uga huo. Katika kielelezo cha kompyuta kilichochapishwa mwaka 1995, Gary Glatzmaier na Paul Roberts walionyesha uga ukigeuza ncha zake, na wakaeleza kwamba metali ngumu, ambamo uga hubadilika polepole, huzuia mageuzi ya ovyo. Mageuzi halisi yameandikwa miambani. Lava ya Olduvai, kaskazini mwa Tanzania, ilipopimwa miaka ya 1960, ilionekana kuhifadhi mwelekeo kama wa leo kutoka enzi ndefu ambayo ncha zilikuwa zimegeuka. Kipindi hicho kifupi, cha kati ya takriban miaka milioni 1.9 na 1.8 iliyopita, wanajiolojia duniani kote hukiita Olduvai.

Kwa hiyo ulinganisho wa darasani unahitaji safu moja zaidi. Baada ya kina, joto na hali ya metali, mwanafunzi aulizwe kila kiini kinakipa kingine nini: cha nje humpa mwenzake chuma cha kuganda, cha ndani hurudisha joto na elementi nyepesi zinazoendesha mtiririko.