Jina "Kiropraktiki" na Mgongo wa Mtoto Mchanga

Mfasiri apewaye kijitabu cha afya ya watoto kilichoandikwa Marekani au Uingereza haendi mbali kabla ya kukutana na watu ambao, kwa mikono yao mitupu, husukuma pingili za uti wa mgongo wa mgonjwa kwa nia ya kumponya. Jambo la kwanza limjialo ni kuwaita "waganga wa viungo", au "wakandaji". Tunakusudia kuonyesha kwamba majina hayo yote mawili yanapotosha, na kwamba upotoshaji huo haumdhuru mwanasarufi peke yake. Asomaye kijitabu hicho ni mama, naye ndiye atakayeamua kama mwanawe wa wiki sita ashikwe mgongo au asishikwe.

Kazi hiyo ilianza kwanza, jina likafuata. Daniel David Palmer, mzaliwa wa Kanada (1845), alikuwa akitibu watu kwa kile alichokiita nguvu za sumaku katika mji wa Davenport, jimbo la Iowa. Mwaka 1895 alidai kwamba alimrudishia usikivu Harvey Lillard, mfanyakazi wa usafi katika jengo alimokuwa na ofisi yake, kwa kusukuma mfupa uliochomoza mgongoni. Mteja wake mmoja, kasisi Samuel Weed, ndiye aliyemchagulia maneno mawili ya Kiyunani, moja la mkono na moja la kutenda, na kutokana nayo likaundwa jina kiropraktiki. Msomaji na aone jinsi jina hilo lilivyo na hadhari: halitaji ugonjwa, halitaji dawa, wala halidai elimu yoyote. Lasema tu kwamba mkono umetenda. Madai yenyewe yalikuwa makubwa kuliko jina, kwani katika kitabu chake cha mwaka 1910 Palmer aliandika kwamba asilimia 95 ya magonjwa yote husababishwa na pingili zilizohama mahali pake.

Hadhari hiyo iligeuka kuwa ngao. Mwaka 1906 Palmer alifungwa kwa kutibu watu bila leseni. Mwaka uliofuata, katika mji wa La Crosse, jimbo la Wisconsin, Shegetaro Morikubo alishtakiwa kwa kufanya kazi ya osteopathia bila leseni. Wakili wake, Tom Morris, alijenga hoja kwamba kiropraktiki ni kitu mbali, chenye falsafa yake, na mshtakiwa akaachiliwa. Tangu hapo msamiati wa kazi hii ulilindwa kwa makini. Mtaalamu wake "hatibu", bali "hurekebisha". "Hatambui ugonjwa", bali "huchanganua" uti wa mgongo. Mfasiri asiyeijua historia hii huona visawe vya kawaida tu, akaandika "kutibu" kila mahali. Na kwa neno moja humpa mtu huyo cheo ambacho wenzake wa kwanza walikikana mbele ya mahakama.

Neno gumu kuliko yote ni "subluxation". Kwa madaktari, hiyo ni hali ya kiungo kilichoteguka nusu, na picha ya eksirei yaweza kuionyesha. "Mteguko nusu" latosha kabisa. Palmer na wafuasi wake walilichukua neno hilohilo wakalipa maana nyingine, yaani kasoro ya pingili izuiayo nguvu za mwili kupita na hivyo kuleta maradhi. Mwaka 2010 baraza lisimamialo kazi hiyo nchini Uingereza lilitamka kwamba dhana hiyo ni ya kihistoria, na kwamba utafiti wa kitabibu hauthibitishi kuwa ndiyo chanzo cha magonjwa. Mama akiambiwa kwa Kiswahili kwamba mwanawe ana "mteguko", ataamini kwamba kuna kitu kimeonekana.

Kwa nini watoto wachanga? Nadharia ikisema kwamba hata kuzaliwa kwenyewe kwaweza kuhamisha pingili, basi kila azaliwaye ni mteja. Kuna na kilio. Mwaka 1954 daktari Morris Wessel na wenzake walieleza hali ya mtoto mwenye afya njema aliaye zaidi ya saa 3 kwa siku, zaidi ya siku 3 kwa wiki, kwa zaidi ya wiki 3. Waingereza huiita "colic". Wafasiri wengine wataiita "chango", nasi tunawasihi wasifanye hivyo, maana chango katika fikira za watu wetu ni ugonjwa kamili wenye dawa zake. "Msokoto wa tumbo" ni afadhali, ingawa nalo linalishtaki tumbo kabla ya ushahidi. Kilio hicho kwa kawaida hukoma chenyewe mtoto afikapo miezi 3 au 4, na lolote lililofanywa wiki iliyotangulia hupata sifa. Watafiti wa Norway waliwagawa watoto 86 kwa bahati nasibu, wazazi wasijue nani ameshikwa mgongo na nani la; matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 hayakuonyesha kwamba kiropraktiki ilizidi kutofanya lolote. Mapitio ya shirika la Cochrane ya mwaka 2012 yalikusanya majaribio 6 yenye watoto 325. Yaliona kilio kikipungua, lakini katika mengi ya majaribio hayo wazazi walioandika saa za kilio walijua mtoto wao amefanyiwa nini.

Hapa ndipo neno moja lilipofika mahakamani. Mwezi Aprili 2008 mwandishi Simon Singh aliandika katika gazeti la The Guardian kwamba chama cha wataalamu wa kiropraktiki cha Uingereza kilikuwa kikitangaza bila wasiwasi matibabu aliyoyaita "bogus" kwa watoto wenye msokoto wa tumbo, pumu, maambukizo ya masikio na shida za kulala na kunyonya. Chama kikamshtaki kwa kashfa. Mwezi Mei 2009 Jaji Eady aliamua kwamba neno hilo lina maana ya udanganyifu wa makusudi, yaani chama kilijua kwamba matibabu hayo hayafai. Singh alisema hakukusudia hivyo. Alikusudia kusema kwamba hayana ushahidi, hata kama wayatangazao wanayaamini kwa moyo safi. Tarehe 1 Aprili 2010 Mahakama ya Rufaa ilitengua uamuzi huo na kusema kwamba maneno yale yalikuwa maoni. Siku chache baadaye chama kiliondoa mashtaka. Kesi hiyo ilikuwa miongoni mwa zile zilizochochea sheria mpya ya kashfa ya mwaka 2013.

Tujiulize: Singh angeandika kwa Kiswahili, angesema nini? Angesema "matibabu ya ulaghai", Jaji Eady angekuwa na haki, kwa kuwa ulaghai hauwi bila mlaghai. Angesema "matibabu yasiyo na ushahidi", pengine pasingekuwa na kesi. "Bandia" limesimama katikati: noti bandia ina aliyeichapa, lakini meno bandia hayamdanganyi mtu. Mfasiri wa habari hiyo hana budi kuchagua, na akichagua amekwisha kuhukumu.

Mjadala haujakwisha. Nchini Australia bodi ya kazi hiyo ilizuia mwaka 2019 kusukumwa kwa migongo ya watoto walio chini ya miaka 2, baada ya picha za video za mtoto wa wiki mbili kuwashtua watu. Uchunguzi wa jimbo la Victoria uliofuata ulikuta ushahidi mchache wa madhara, na mchache vilevile wa manufaa. Zuio liliondolewa mwaka 2023, likarejeshwa mwaka 2024.

Twapendekeza basi kazi iitwe "kiropraktiki", na mtu wake "mtaalamu wa kiropraktiki". "Mkandaji" lisitumike kabisa. Kwetu kumkanda mtoto ni kumpaka mafuta na kumnyoosha taratibu kwa kiganja, jambo ambalo bibi hulifanya kila jioni. Asomaye neno hilo hatatafuta kujua zaidi. Kitendo chenyewe kiitwe kama kilivyo, "kusukuma pingili", na "kurekebisha" liandikwe ndani ya alama za mtajo kila litokapo kinywani mwa mtaalamu mwenyewe. Kuhusu "subluxation" ya Palmer, bado hatujaridhika. "Dhana ya mhamo wa pingili" ni refu, na wachapaji watalalamika, lakini neno "dhana" lisiondolewe.