Kinywaji Kimoja ni Kiasi Gani?

Dodoso la kawaida la MICS, uchunguzi wa UNICEF uliofanyika Kongo mwaka 2017 na 2018, linahesabu hivi: chupa au kopo moja la bia ni kinywaji kimoja, glasi ya divai vilevile. Kwa Kiswahili hata chai ni kinywaji. Neno jepesi kama hilo ndilo tunalolitwisha mzigo wa kupima ulevi wa taifa zima.

Shirika la Afya Duniani lina kipimo sanifu chake: gramu 10 za kileo halisi. Chupa ya bia ya sentilita 72, yenye kileo cha asilimia 5, hubeba gramu 28 hivi, karibu vipimo vitatu. Mtu wa Birere, hapa Goma, akijibu "moja tu" amesema kweli, lakini kipimo kimepotea.

Na hiyo ni bia ya kiwanda, yenye lebo. Kasiksi, pombe yetu ya ndizi, haina lebo. Nguvu yake hutegemea ndizi, siku za kuchacha na mkono wa mama aliyeitengeneza, na watu huinywa kwa kupokezana chombo kimoja. Hapo swali la "vinywaji vingapi" halijibiki. Lutuku, pombe kali, nayo hukenekwa na kuuzwa kwa kikombe, na kila muuzaji ana kikombe chake.

Tukitoka kwenye pombe, neno "dawa za kulevya" nalo lina shida nyingine. Dawa ni kitu cha hospitali. Anayemeza vidonge vya maumivu kila siku bila cheti cha daktari aweza kujibu "hapana" kwa moyo mweupe kabisa. Afadhali kutaja bangi kwa jina lake na vidonge kwa jina lake.

Kisha kuna "kaya". Uchunguzi huanzia kwenye orodha ya kaya, kwa hiyo maibobo, watoto wanaolala barabarani, pamoja na askari wa kambini na wafungwa hawamo.

Swali ninaloliamini zaidi limo katika EDS, uchunguzi wa afya uliofanyika 2013 na 2014: mke huulizwa kama mumewe hunywa, na kama hulewa mara nyingi, mara moja moja au kamwe. Halina gramu, lakini neno "kulewa" kila mke wa Goma analijua bila kufafanuliwa.

Ninyi mnaoandaa dodoso lijalo, ulizeni kwanza: ni pombe gani, ilikuwa katika chombo gani, na mliinywa watu wangapi?