Theluji ya Kubandika: Kutoka Rabai Hadi Juu ya Meza Yangu

Leo naweka kando mambo ya programu na hifadhidata. Kwa wiki kadhaa sasa, mezani kwangu hapa Malindi kuna kilele cha Kibo kilichokatwa kwa maboksi, na kila anayeingia anauliza swali lile lile: hiyo nyeupe umeweka nini? Jibu fupi ni unga wa chaki na gundi ya mbao. Jibu refu lina historia, na sehemu kubwa ya historia yenyewe ni ya hapa hapa kwetu Kilifi, kwa hiyo nivumilieni.

Mwaka 1846 wamisionari wawili Wajerumani, Johann Ludwig Krapf na Johannes Rebmann, walifungua kituo Rabai, kwenye vilima vilivyo nyuma ya Mombasa. Tarehe 11 Mei 1848 Rebmann alikuwa njiani kwenda Uchagga na msafara wa Bwana Kheri. Asubuhi hiyo akaona kitu cheupe juu ya mlima. Alipomwuliza kiongozi wake ni nini kile, alichojibiwa, kama alivyoandika mwenyewe, ni "baridi". Basi. Mimi nalipenda sana jibu hilo. Kiswahili kina theluji kutoka Kiarabu na barafu yenye asili ya Kiajemi, lakini mtu wa msafara hakuhitaji lolote kati ya hayo. Kama kitu huna jina lake, taja kinachokufanyia ukikikaribia.

Rebmann aliandika pia hadithi aliyosimuliwa, kwamba watu wa kule walidhani ile nyeupe ni fedha, wakatumwa kwenda kuichukua, na iliposhushwa ikageuka maji. Usicheke. Kama hujawahi kuona theluji, fedha ni dhana nzuri kabisa: inang'aa, ni nyeupe, na ina faida.

Habari hizo zilichapishwa Uingereza mwaka 1849 katika jarida la Church Missionary Society, na hapo ndipo vita vilipoanza. William Desborough Cooley, mwanajiografia wa London aliyekuwa na sifa ya kuandika juu ya bara la Afrika bila kulikanyaga, alikataa katakata. Theluji karibu na mstari wa ikweta? Haiwezekani, huyo mmisionari macho yamemdanganya. Mwezi Desemba 1849 Krapf naye akaona nyeupe juu ya Mlima Kenya, na hata hilo halikutosha. Hapa kuna funzo kwa sisi tunaoandika programu: mtumiaji anakuambia "nimeliona kwa macho yangu", wewe umekaa ofisini unamjibu kwamba kwa mujibu wa nadharia jambo hilo haliwezi kutokea.

Ubishi uliisha polepole. Baron Karl Klaus von der Decken alifika Kilimanjaro mwaka 1861, na mwaka 1862 akapanda na Otto Kersten hadi kama mita 4,200, theluji ikawaangukia. Halafu mwaka 1871 Charles New, mmisionari wa Kimethodisti aliyekuwa kituo cha Ribe (jirani na Rabai, Kilifi tena!), akapanda hadi kuigusa theluji yenyewe. Mzungu wa kwanza kuifikia theluji ya kudumu ya Kilimanjaro alitokea kijiji cha Ribe. Sijui kwa nini hili halifundishwi kwa kelele zaidi shuleni kwetu. Rebmann mwenyewe alibaki Rabai hadi 1875, akarudi kwao akiwa kipofu, akafariki mwaka uliofuata.

Sasa turudi mezani. Diorama ni mandhari ndogo ya kuigiza. Neno hilo alilitumia Louis Daguerre (ndiye yule wa picha za mwanzo za kamera) kwa ukumbi wake wa maonyesho uliofunguliwa Paris mwaka 1822. Kuigiza milima na miti ni kazi nyepesi ukilinganisha na theluji. Theluji halisi ni nyeupe kwa sababu ni vipande vidogo mno vya barafu angavu, vyenye nyuso nyingi, kila uso ukirudisha mwanga upande wake. Ukipaka rangi nyeupe tu unapata ukuta uliopakwa chokaa, na macho yanajua mara moja.

Watu wa sinema walihangaika na jambo hili kabla yetu. Charlie Chaplin katika The Gold Rush ya 1925 alitumia chumvi na unga kwa wingi. Miaka ya 1930 kuliuzwa hata asbesto kama theluji ya mapambo ya Krismasi. Watu walinyunyiza sebuleni kitu ambacho leo tunajua kinaua mapafu. Wengine walitumia vipande vya mahindi vya kifungua kinywa vilivyopakwa rangi nyeupe. Tatizo ni kwamba vililia kwacha kwacha mwigizaji akitembea, hadi maneno yarekodiwe upya. Kwa filamu ya It's a Wonderful Life ya 1946 walichanganya povu la kuzimia moto, sabuni, sukari na maji, kikawa kimya na kikanata vizuri, mafundi wake wakapewa tuzo ya kiufundi. Siku hizi kuna unga wa sodiamu poliakrileti, ule ule unaonyonya maji ndani ya nepi za watoto. Ongeza maji uone unavyofura. Unapendeza kwa dakika kumi, ila ukikauka unasinyaa, kwa hiyo haufai kwa kazi ya kudumu.

Kwa mtu wa Malindi wazo la kwanza ni chumvi. Gongoni, Ngomeni na Marereni kuna mashamba ya chumvi, na ukipita barabarani unaona vilima vyeupe vinavyofanana kabisa na theluji ya kwenye kalenda. Lakini chumvi ina mambo mawili. La kwanza ni hewa yetu. Chumvi safi huanza kuyeyuka yenyewe unyevu wa hewani ukipita asilimia 75 hivi, na pwani tunapita hapo mara nyingi tu. Chumvi ya bahari isiyosafishwa ina magnesi kloridi, na hiyo huvuta maji mapema zaidi. Theluji ya chumvi mwezi wa Mei itayeyuka kweli kweli, itateremka mlimani na kuozesha boksi lako. Jambo la pili ni ukubwa wa punje. Punje ya milimita 0.3 kwenye modeli ya skeli ya 1:72 ni sawa na bonge la sentimita 2 na zaidi. Hiyo si theluji, hiyo ni mvua ya mawe.

Bekingi soda ni laini zaidi na kwa miaka mingi imekuwa kimbilio la waunda modeli, ingawa wengi wamelalamika kwamba ikichanganywa na gundi hugeuka njano baada ya miaka. Ndiyo maana nimechagua chaki. Iwe ni kalisi kaboneti au jasi, haivuti unyevu wa hewa na haina haraka ya kubadilika rangi. Sagia kwenye kinu, chekecha kwa kitambaa cha leso, changanya na gundi nyeupe ya mbao na maji kidogo hadi iwe uji mzito. Matone mawili ya rangi ya bluu kwenye kikombe kizima yanatosha kuifanya ionekane baridi. Zaidi ya hapo unapata barafu ya juisi.

Kwa mandhari ya nyumba na miti, unachekecha unga mkavu kutoka juu, na swali ni wapi utue. Mwaka 2000 Paul Fearing wa Chuo Kikuu cha British Columbia alionyesha SIGGRAPH njia ya kompyuta ambayo bado naiona ni ya akili sana. Badala ya kudondosha mabilioni ya chembe kutoka angani, kila sehemu ya uso inarusha chembe kwenda juu na kuuliza: je, nafika angani, au kuna paa juu yangu? Kisha hatua ya pili inaangalia kama lundo limesimama wima mno, liporomoke. Kabla ya kushika chekecheo, jifanye wewe ni bati la nyumba, tazama juu. Utajua wapi pabaki bila theluji.

Modeli yangu ni ya skeli ya 1:20,000, kuanzia mita 4,000 hadi kilele cha mita 5,895. Data ya miinuko ni ile ya rada ya chombo cha anga cha NASA ya Februari 2000, inayopatikana bure. Kila mita 100 ni tabaka moja la boksi la milimita 5, jumla tabaka 19. Kwa skeli hii hata unga laini wa milimita 0.1 ni mwamba wa mita 2, kwa hiyo kunyunyiza hakufai. Isitoshe, kilichoko Kibo si theluji tu bali mabamba ya barafu yenye kingo zilizosimama wima makumi ya mita, nyingi zikielekea kaskazini na kusini. Uji wa chaki unapakwa, unaachwa ukauke nusu, halafu kingo zinakatwa kwa wembe. Milimita moja, mbili, basi.

Na hapa ndipo penye uzito: theluji ya mwaka gani? Ramani ya Fritz Klute na Eduard Oehler ya 1912 inaonyesha barafu ya karibu kilomita za mraba 12. Kufikia 2011 zilibaki chini ya 2. Nimepiga hesabu kwa skeli yangu: barafu ya 1912 inachukua kama sentimita za mraba 300, karibu nusu ya karatasi ya A4. Ile ya 2011, sentimita 44. Kadi ya ATM inaifunika yote na chenji inabaki. Wanasayansi wamebishana juu ya sababu, joto la dunia upande mmoja na ukavu wa hewa tangu mwisho wa karne ya 19 upande mwingine, lakini kuhusu hizo sentimita hakuna ubishi.

Nimeamua kuweka zote mbili. Eneo la 1912 nimelipaka uji mwepesi sana, boksi linaonekana chini yake kama kivuli. La 2011 ni chaki nzito iliyokatwa kingo. Ile ya 1848 haina ramani, kuna maneno ya Rebmann tu, kwa hiyo hiyo nimeiandika kwa penseli pembeni mwa ubao, upande wa mashariki: "baridi".