Wembe Ulivyohama Mkononi mwa Kinyozi

Mwaka 1769 fundi visu wa Paris, Jean-Jacques Perret, alichapisha kitabu cha kumfundisha mwanamume kujinyoa ndevu mwenyewe. Enzi hizo wembe ulikuwa wa kukunja, makali yote yako wazi, na mwenye uwezo alimwachia kinyozi au mtumishi kazi hiyo. Perret aliuvisha wembe gamba la mbao, yakabaki makali machache tu yaliyochomoza, ya kukata unywele bila kuzama kwenye nyama. Nyembe za usalama za leo zimejengwa juu ya wazo hilohilo.

Tatizo lilibaki kwenye kunoa. Wembe wa kukunja, hata ule wa Sheffield, Uingereza, uliosifika, hudai kupitishwa kwenye mkanda wa ngozi kila kabla ya kunyoa, na kwenye jiwe kila baada ya muda. Mwaka 1880 ndugu wa ukoo wa Kampfe, huko New York, walitoa wembe mfupi wenye kizuizi. Mnyoaji aliokoka na majeraha, lakini kazi ya kunoa ilikuwa palepale.

King Camp Gillette alikuwa muuzaji wa vizibo vya chupa. Mwajiri wake, William Painter, aliyebuni kizibo cha bati tunachokijua kwenye chupa za soda, alimshauri abuni kitu ambacho mtu akikitumia anakitupa na kurudi kununua kingine. Mwaka 1895 Gillette akawaza kipande chembamba cha chuma chenye makali pande mbili. Wataalamu wakamwambia chuma chembamba namna ile hakiwezi kukazwa kikashika makali. Aliyeufumbua mkwamo huo ni mhandisi William Nickerson, na kwangu mimi anastahili nusu ya heshima anayopewa mwenzake. Mwaka 1903, mwaka wa kwanza wa mauzo, waliuza vishikio 51 na nyembe 168. Mwaka uliofuata vishikio vilivyouzwa vilizidi 90,000.

Husimuliwa mara nyingi kwamba Gillette aligawa vishikio karibu bure ili apate faida kwenye nyembe. Sivyo alivyoanza. Kishikio chake kiliuzwa dola 5, fedha nyingi kwa kibarua wa wakati ule, na bei nafuu zilikuja hataza yake ilipokwisha mwaka 1921 na washindani wakaingia sokoni. Kilichoeneza desturi ya kujinyoa ni Vita vya Kwanza vya Dunia. Jeshi la Marekani liliwanunulia askari wake vishikio takriban milioni 3.5 na nyembe milioni 32, na vijana waliorudi nyumbani hawakuwa na haja tena ya kwenda kwa kinyozi kila asubuhi.

Vita hivyohivyo vilifichua hatari ya brashi. Brashi za bei rahisi za nywele za farasi, zilizotoka Asia bila kusafishwa vizuri, ziliwaambukiza kimeta askari na raia wa Uingereza na Marekani, na baadhi yao walikufa. Leo brashi hutengenezwa kwa nywele za nguruwe, za mnyama wa familia moja na nyegere, au kwa nyuzi za kiwandani. Kwa anayeanza ningependekeza za kiwandani: hukauka upesi na bei yake inavumilika.

Mwaka 1971 Gillette wakatoa kichwa chenye nyembe mbili, na baadaye zikaongezeka. Hapo wenye nywele za kipilipili tulipunjika. Wembe wa kwanza huuvuta unywele, wa pili huukata kabla haujarudi, na ncha iliyobaki hujificha chini ya ngozi. Unywele uliojikunja ukianza kuota hutoboa pembeni, ndipo vinatokea vipele vya shingoni na kidevuni vinavyowasumbua wanaume wengi Waafrika. Wembe mmoja hukata usawa wa ngozi tu. Kwa sababu hiyo kifaa cha mwaka 1903 bado kinatufaa, na pakiti ndogo za nyembe bapa hazijatoweka kwenye maduka ya mitaani.

Basi tafuta kishikio chenye uzito kidogo, nyembe bapa, brashi, sabuni ya kunyolea na kipande cha shabu. Vingine vinaweza kusubiri.

Kazi kubwa hufanyika kabla wembe haujagusa uso. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji, walisema wahenga, na maji ndiyo mwanzo wa yote: unywele ulioloweshwa maji ya moto kwa dakika mbili tatu hulainika na kukatika kwa nguvu ndogo sana. Kisha zungusha brashi yenye unyevu juu ya sabuni, uihamishie usoni, uendelee kuzungusha na kuongeza maji matone machache machache hadi povu liwe zito kama mtindi. Povu lenye mapovu makubwa limezidi hewa na halilindi ngozi.

Papasa ndevu ujue zinalalia wapi. Shingoni mara nyingi hubadili upande. Shika wembe kwa mlalo wa nyuzi 30 hivi, uuache uzito wa kishikio ufanye kazi, na ufuate ulalo wa nywele kwa mikato mifupi. Ukitaka kurudia, paka povu upya. Mwenye vipele asinyoe kinyume cha nywele wala asivute ngozi. Suuza kwa maji baridi, pitisha shabu iliyoloweshwa, isuuze, kisha upake mafuta mepesi.

Usichangie wembe na mtu, hata ndugu yako. Nyembe zilizotumika zina historia yake pia: nyumba nyingi za Marekani za karne iliyopita zilikuwa na ufa mwembamba kwenye kabati la bafuni, nyembe zikidondoshwa ndani ya ukuta, na mafundi wa leo wanaobomoa kuta hizo huzikuta zimerundikana. Kwetu kopo la bati lenye tundu jembamba kwenye mfuniko linatosha. Likijaa lizibe kabisa kabla ya kulitupa, kwani anayechakura jalalani akitafuta chupa za plastiki kwa kawaida hana glavu.