ARV: Dawa iliyochelewa mara mbili

Wagonjwa watatu wa kwanza wa ukimwi nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Wenyeji waliuita ugonjwa huo Juliana, jina la nguo za mtindo zilizokuwa zikivushwa kutoka Uganda. Ng'ambo ya mpaka waliuita Slim, kwa jinsi ulivyomkondesha mtu. Mwaka huohuo Françoise Barré-Sinoussi na Luc Montagnier wa Taasisi ya Pasteur, Paris, walikitambua kirusi chenyewe. Hakuna aliyejua, Bukoba wala Paris, kwamba dawa ya kukizuia ilikwishatengenezwa miaka 19 nyuma.

Jerome Horwitz, mkemia wa Detroit, Marekani, aliitengeneza dawa hiyo, AZT, mwaka 1964 akitafuta tiba ya saratani. Ilipojaribiwa kwa panya haikufua dafu, akaiweka kando bila hata kuiombea hataza. Mwaka 1974 Wolfram Ostertag wa Ujerumani alionyesha kuwa inazuia kirusi fulani cha panya. Lakini wakati huo virusi vya ukoo huo havikujulikana kumdhuru binadamu, na habari ikaishia hapo. Huko ndiko kuchelewa kwa kwanza, na kwa hilo simlaumu mtu.

Kirusi hakiwezi kuzaana peke yake. Hakili wala hakipumui. Ni maelekezo ya kinasaba yaliyofungwa ndani ya gamba la protini. Kirusi cha ukimwi (VVU) hujishikiza kwenye seli nyeupe za damu ziitwazo CD4, zile zinazoongoza ulinzi wa mwili, na kuingiza humo maelekezo yake ya RNA. Kimeng'enya chake huyanakili kuwa DNA, kisha nakala hupachikwa katikati ya vinasaba vya seli. Tangu hapo seli humtumikia mvamizi, ikitoa virusi vipya mpaka nayo ife. CD4 zikishapungua, kifua kikuu, fangasi wa kinywani na homa ya uti wa mgongo hupata mwanya. Mara nyingi ni magonjwa hayo nyemelezi yanayoua.

AZT huvizia pale pa kunakili. Inafanana mno na kijenzi kimojawapo cha DNA, hivyo kimeng'enya huipokea bila kushtuka. Kumbe ni kama ushanga uliotobolewa upande mmoja: ukishaingia kwenye uzi, hakuna mwingine unaoweza kufuata. Nakala hukatikia hapo.

Mwaka 1986 ilijaribiwa kwa wagonjwa 282 nchini Marekani. Baada ya miezi michache, waliopewa vidonge visivyo na dawa walikuwa wamekufa 19; waliopewa AZT, mmoja. Jaribio likasitishwa ili wote wapewe, na Machi 1987 dawa ikaidhinishwa. Haikuwa dawa ya mchezo. Ilimezwa kila baada ya saa nne, usiku na mchana, ikawapunguzia wengine damu, na kirusi, ambacho hukosea kunakili kila mara na hivyo kujibadili haraka, kikaizoea. Nafuu ya kweli ilipatikana mwaka 1996, ilipodhihirika kuwa dawa tatu zikimezwa pamoja hukibana pande zote. Nakala zilizojificha ndani ya seli zilibaki, na zipo hadi leo. Ndiyo maana dawa hizi, ARV, hufubaza virusi, hazivimalizi.

Kuchelewa kwa pili kulikuwa kwa bei. Dozi ya mwaka iligharimu zaidi ya dola 10,000, fedha ambazo mkulima wa ndizi wa Muleba hakuwahi hata kuziota. Februari 2001 Yusuf Hamied wa kampuni ya Cipla, India, akatangaza kuwauzia Madaktari Wasio na Mipaka kwa dola 350. Mwaka huohuo Bunge la Kenya likapitisha sheria iliyofungua mlango kwa dawa nafuu za aina hiyo. Tanzania ilianza kutoa ARV bure Oktoba 2004. Waliokufa kati ya 1996 na 2004 waliuawa na bei zaidi kuliko kirusi.

Sasa kuna lenacapavir, sindano ya kinga inayochomwa mara mbili kwa mwaka. Katika utafiti uliofanyika Afrika Kusini na Uganda, wanawake 2,134 walichomwa na hakuna aliyeambukizwa. Marekani inauzwa zaidi ya dola 28,000 kwa mwaka. Watengenezaji wa India wameahidi dola 40 kuanzia 2027. Wabunge wetu waanze kuuliza sasa imetengewa fungu gani kwenye bajeti.